Sifa za Utelezi wa Mlenda

Mchicha husifiwa, kisamvu cha nazi husifiwa, na matembele yana wapenzi wake kuanzia Pangani hadi Kigoma. Mlenda nao unaliwa katika nyumba nyingi, ila wa kuusifu hadharani ni wachache, na hata hao husifu karanga zilizomo na wepesi wa kuupika, kisha wakifika kwenye utelezi hushusha sauti. Mimi naanzia hapohapo kwenye utelezi. Nausifu mlenda kwa sababu unavutika, unadondoka, unaning'inia kidevuni na kumfanya mtu mzima aombe maji ya kunawa kabla mlo haujafika katikati. Usumbufu wote huo unatoka kwenye kitu kimoja, na kitu hicho ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote vilivyomo chunguni.

Mashtaka dhidi yake nayajua, na mengi ni ya kweli. Ukiuchota kwa tonge, unafuata mkono njia nzima mpaka mdomoni. Uzi wake haukatiki kwa kuvutwa. Anayeinua mkono juu ili aukate anauongezea urefu tu. Shati jeupe la kazini halina usalama mbele yake. Mdomoni hauachi cha kutafuna: unapita kabla mlaji hajaamua kama ameukubali. Mtu aliyezoea chipsi mayai na nyama choma, vyakula vikavu vyenye kingo zake, akiwekewa bakuli la mlenda huona ameletewa kitu ambacho hakijamaliza kuwa chakula.

Mtu huyo ndiye ninayemwandikia. Ni mtu mzima, ana kazi na familia, na tangu utotoni anakula vitu vilevile: wali, chipsi, nyama, maharage akibanwa, chai yenye sukari ya kutosha. Mboga za majani huzisogeza pembeni ya sahani. Nyumbani wanasema anadeka. Kisha siku moja anapimwa, sukari imepanda au presha haitaki kushuka, na daktari anamwambia abadilishe ulaji. Ushauri wenyewe mara nyingi ni sentensi moja, kula mboga kwa wingi, na mgonjwa anarudi nyumbani bila kuelezwa afanye nini mtu ambaye koo lake hufunga akiona mboga. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na mwongozo wake wa mwaka 2023 unataja pia angalau gramu 25 za nyuzinyuzi zitokanazo na vyakula vyenyewe. Kwa mtu ambaye hajawahi kumaliza kijiko cha mchicha, gramu 400 ni hesabu isiyo na mwanzo.

Kwanza tumwondolee lawama. Kukikataa chakula kinachoteleza ni busara ya kale ya mwili. Nyama ikianza kuharibika hufanya ute juu yake kwa kazi ya bakteria. Mchicha uliosahauliwa kwenye mfuko wa nailoni hugeuka ute pia. Aliyekwepa vitu vya namna hiyo aliponea, na sisi ni wajukuu zake. Watoto wengi, hasa kati ya miaka miwili na sita, hupita katika kipindi cha kukataa chakula wasichokijua. Walio wengi hukiacha kipindi hicho nyuma. Wengine hukua nacho. Wapo pia ambao kukataa kwao ni kukubwa hadi wanakonda, wanapungukiwa damu au wanaogopa kula mbele za watu. Hali hiyo iliingizwa mwaka 2013 katika mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kama ugonjwa unaojitegemea, na mwenye hali hiyo anahitaji mtaalamu. Wengi wa wachagua chakula hawajafika huko. Wanachohitaji ni njia, na watu wa kuwavumilia wakiwa njiani.

Mlenda unamfaa mtu huyu kwa sababu hauna maficho. Zipo mbinu nyingi za kumlisha mchagua chakula bila yeye kujua: spinachi inasagwa ndani ya juisi ya embe, karoti inakwanguliwa ikayeyukia kwenye rosti, maboga yanafichwa kwenye uji. Mbinu hizo zina nafasi yake kwa mtoto mgonjwa. Kwa mtu mzima zinamwacha alipokuwa, kwa maana hajajifunza chochote. Siku ya kwanza atakapowekewa spinachi yenyewe atainuka mezani. Mlenda haufichiki. Tia kijiko kimoja katika sufuria ya mchuzi, na mchuzi wote utavutika. Anayefika mahali pa kuula amefika kwa ridhaa yake, akiwa anajua anachokila, na alichojifunza hapo hakipotei kesho.

Tuuangalie basi huo ute wenyewe. Umetengenezwa kwa minyororo mirefu ya sukari iliyoshikana kwa namna ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuivunja. Mmea huitumia kushika maji. Ikiingia ndani yetu inafanya kazi ileile: inanyonya maji, inavimba, na kuugeuza mlo uliomo tumboni kuwa kitu kizito kinachosogea taratibu. Wanga wa ugali uliomo humo hauwahi kuingia kwenye damu kwa mkupuo, kwa hiyo sukari hupanda polepole. Mbele zaidi utumboni, nyuzinyuzi za aina hii hushika asidi za nyongo na kutoka nazo. Ini hulazimika kutengeneza nyingine, na malighafi inayoitumia ni lehemu. Nyuzinyuzi zikifika kwenye utumbo mpana, huwa chakula cha bakteria wema wanaoishi humo, na choo huwa laini. Kila mlaji wa mlenda anaijua hiyo faida ya mwisho, ingawa haisemwi mezani.

Mtu anayeona haya ni maneno ya kuupamba mlenda na aingie duka la dawa lililo karibu naye. Atakuta pakiti za isabgoli, maganda ya mbegu yanayonunuliwa na watu wenye choo kigumu. Maelekezo yake ni kukoroga kijiko kwenye glasi ya maji na kunywa haraka kabla hayajaganda. Kinachoganda pale ni ute. Aende pia kwenye rafu za supamaketi zenye makopo ya oti kutoka nje. Mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaruhusu watengenezaji waandike kwenye makopo hayo kwamba oti husaidia kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, na sababu iliyokubalika ilikuwa nyuzinyuzi zinazoyeyuka na kuufanya uji uwe mzito wa kunata. Mtu anayelipa fedha nyingi kwa kopo la oti na kuusukuma pembeni mlenda wa shangazi yake anakataa bure kitu cha jamii ileile anayoinunua ghali. Namwambia hivyo kwa upendo, kwa sababu ni habari njema: anachokitafuta kiko sokoni, kimepangwa mafungu juu ya gunia, na muuzaji ataongeza majani mawili matatu juu ya fungu lake.

Mlenda wenyewe si mmea mmoja. Sehemu nyingi ni ule mmea wa majani membamba yenye meno pembeni ambao wenzetu wa magharibi mwa Kenya wanauita mrenda na Wajaluo apoth. Mahali pengine ni majani ya ufuta pori. Kwingine, hasa Tanga, sufuria ya mlenda ni mkusanyiko: bamia, nyanya chungu, majani ya maboga, na chochote shamba lilichotoa wiki hiyo. Mara nyingi hakuna aliyeupanda. Mvua za kwanza zikinyesha unachomoza katikati ya mahindi, na mwenye kupalilia huuchuma badala ya kuutupa. Majani yake yana madini ya chuma na kalsiamu, yana foleti, na yana ile rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miaka mingi kuzitafiti na kuzitetea mboga za asili za aina hii, na Arusha kuna kituo cha kimataifa cha mboga kinachohifadhi mbegu zake. Ni mboga yenye walinzi wenye elimu kubwa. Kilichopungua ni walaji wasioona haya.

Dodoma na Singida zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili hivi, kisha ardhi inakauka kwa miezi. Huko mlenda huchumwa kwa wingi wakati wa mvua, hukaushwa, hutwangwa na kuwekwa akiba, ili nyumba isikose mboga wakati wa kiangazi. Anayekausha afanye hivyo kivulini penye hewa, maana jua kali hula sehemu kubwa ya rangi ile yenye faida. Na unga ule mkavu, ukiguswa na maji ya moto, hurudisha utelezi wake wote. Ndiyo maana nasema utelezi ni uaminifu. Mboga nyingine zikikaushwa hubaki na jina tu.

Nimetazama mara nyingi shangazi yangu akiupika. Maji hayawi mengi, na huchemka kwanza. Nyanya chungu hutangulia, zimepasuliwa vipande vinne vinne, kwa kuwa ndizo ngumu. Zikilainika huingia majani yaliyokatwa, na hapo mapovu ya sufuria hubadilika: yalikuwa madogo yanayopasuka haraka, sasa yanakuwa makubwa, yanapanda taratibu na kukaa. Sufuria hubaki wazi, kwa sababu ukiifunika utafurika na kuzima moto. Kisha huchukua upekecho, anausimamisha katikati ya sufuria na kuuzungusha kati ya viganja viwili, mbele na nyuma, mpaka majani yavunjike na ute uwe mmoja. Anauinua upekecho juu na kutazama unavyoshuka. Ukidondoka matone matone, bado. Ukishuka kwa uzi mmoja usiokatika, hutia chumvi kidogo na karanga zilizotwangwa, anakoroga mara moja, anaepua. Jambo zima ni la dakika chache, na kuni zilizotumika hazitoshi hata kuyachemsha maharage.

Kuula nako kuna ufundi wake. Tonge la ugali huwa dogo na gumu kiasi, hubonyezwa kwa kidole gumba likawa na shimo. Linazamishwa, linainuliwa kidogo, na hapo, kabla mlenda haujapanda hadi kifundo cha mkono, huzungushwa nusu mzunguko ukingoni mwa bakuli. Mzunguko huo ndio unaokata uzi. Mtoto wa Kigogo huko Dodoma huujua kabla hajaanza shule. Mtu mzima huujifunza kwa mlo mmoja akionyeshwa, na akishaujua nusu ya kinyaa chake huondoka, kwa sababu sehemu kubwa ya kinyaa hicho ilikuwa hofu ya kuchafuka mbele za watu.

Mchagua chakula pia asidhani yuko peke yake katika historia. Khalifa al-Hakim wa Kairo, aliyetawala kuanzia mwaka 996 hadi 1021, aliupiga marufuku ule mmea wa majani yenye meno katika nchi yake. Wamisri waliendelea nao, na hadi leo mchuzi wake mzito ulioungwa kwa kitunguu saumu ni fahari ya meza zao, tena wanaula na sungura au kuku. Wayoruba wa Nigeria wana ewedu, mmea uleule, wanaoupiga kwa ufagio mdogo wa vijiti kama sisi tunavyotumia upekecho. Bamia zilivushwa bahari pamoja na watu waliotekwa Afrika, na huko Louisiana zikawa kiungo cha kufanya gumbo iwe nzito. Wajapani hula soya zilizochachushwa zenye nyuzi ndefu kuliko mlenda wowote, tena asubuhi. Katika kila moja ya nchi hizo wapo wanaokunja uso, na wapo wanaokula. Waliokula walianza kama alivyo mchagua chakula wetu leo, kwa tone moja ulimini.

Kuhusu tone hilo kuna elimu ya kutegemewa. Mwanasaikolojia Leann Birch wa Marekani, katika kazi alizoanza kuchapisha miaka ya 1980, aliwapa watoto wadogo vyakula wasivyovijua na kuona kwamba kadiri walivyovionja mara nyingi ndivyo walivyozidi kuvipenda. Mwaka 1987 yeye na wenzake walionyesha jambo la pili lenye uzito uleule: kukitazama chakula hakutoshi kukipenda kinywani, lazima kionjwe. Kazi nyingine aliyoshiriki, iliyotoka mwaka 2006, iliwalinganisha watoto waliohimizwa wamalize supu yao na watoto walioachwa wale wenyewe. Waliohimizwa walikula kidogo zaidi na kuisema vibaya zaidi. Hao walikuwa watoto, lakini mtu mzima yeyote aliyewahi kusimamiwa juu ya sahani anajua kuwa hali yake haikuwa tofauti. Kuonja mara nyingi, kwa kiasi kidogo, bila kusimamiwa: njia nzima imo humo.

Kwa mlenda, njia hiyo ina ngazi ambazo mpishi anaweza kuzishika mkononi. Ya kwanza ni bamia kavu. Chagua bamia ndogo changa, zioshe, uzifute kwa kitambaa mpaka zikauke kabisa kabla kisu hakijazigusa, kwa sababu maji ndiyo yanayouita ute. Zikate, zitandaze kwenye kikaango chenye moto mkali na mafuta kidogo, usifunike, usikorogekoroge. Ute hukaukia juu yake na kingo hugeuka kahawia. Mpenda chipsi atakikubali kitu hicho, maana kinavunjika chini ya jino. Ngazi ya pili ni bamia nzima, zilizokatwa kikonyo tu bila kupasuliwa, zikapikwa kwenye mchuzi wa samaki wenye ukwaju au ndimu kama wafanyavyo wa pwani. Ukali wa ndimu huupunguza nguvu ute, na bamia nzima huufungia ndani uliobaki. Ya tatu ni mlenda wenyewe, lakini usiopekechwa na usiotiwa magadi, majani yamekatwa makubwa, nyanya chungu nyingi na karanga za kutosha, ili meno yapate kazi. Ya nne ni ule wa shangazi, wenye uzi mmoja.

Mtu akae katika kila ngazi mpaka asiwe na haja ya kujipa moyo kabla ya kula. Wiki au miezi, hakuna anayemkimbiza. Abadilishe jambo moja kwa wakati mmoja: akibadilisha mboga, abakize ugali na maharage yake aliyoyazoea kando, ili mlo usigeuke mtihani. Aonje akiwa na njaa ya wastani, maana aliyeshiba hana sababu ya kujaribu na mwenye njaa kali hukasirika upesi. Na asianze siku ya karamu, watu arobaini wakimtazama. Haba na haba hujaza kibaba, na katika jambo hili kibaba hujaa kwa matone.

Kwa ndugu na jamaa nina ombi. Mtu wenu akianza kuonja, mwacheni. Ile hadithi ya kwamba wenzake wangekifurahia chakula hicho, ule utani wa kumwita mzungu, ile kauli ya kwamba mchagua jembe si mkulima, vyote vinamrudisha nyuma. Nimeona Dodoma namna inavyopasa kufanywa. Kijana mmoja wa ukoo wetu, mfanyakazi wa benki kutoka Dar es Salaam, alikaa kwenye mkeka mbele ya bakuli na kusema kwa adabu, "Shangazi, naomba nionje tu, nikishindwa usinichukie." Shangazi hakuinua macho. "Onja, baba. Hapa hakuna anayekuhesabia matonge." Akamsogezea maharage karibu, akaendelea kuongea na wengine habari za mvua. Kijana akachovya ncha ya tonge. Akachovya tena baadaye, bila kuambiwa. Aliyemfundisha siku ile alikuwa shangazi kwa kutomtazama, na mlenda kwa kutobadilika.

Mapenzi yangu kwa mboga hii hayanizuii kuweka mipaka. Mlenda si dawa ya kisukari. Mwenye kumeza vidonge au kuchoma sindano aendelee kama alivyoelekezwa, na mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza kuhusu mboga za majani. Magadi yanalainisha majani na kuuzidisha utelezi, lakini yanaharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B, na yanaongeza sodiamu ambayo mwenye presha anakatazwa. Ute wa mlenda unatosha bila msaada huo. Kamulia ndimu mezani badala yake, kwa kuwa vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye majani, na chai isubiri angalau saa moja baada ya kula, kwa sababu huyazuia madini hayohayo.

Kuna mpaka mwingine, na huu unahusu sahani zetu. Tumezoea mlima wa ugali na kijiko cha mboga pembeni yake. Kwa mpangilio huo hata mlenda hauwezi kufanya kazi yake. Mboga ikichukua nusu ya sahani na ugali robo, utelezi unapata wingi wa kutosha kuutuliza huo wanga. Hapa mlenda una fadhila ambayo mboga ngumu hazina: unashuka kwa urahisi, kwa hiyo aliyekwisha kuuzoea hula bakuli zima bila kuchoka taya. Magharibi mwa Kenya wanauchanganya mrenda na majani ya kunde, ambayo yakiwa peke yake ni magumu na yanakwaruza koo, na utelezi huyapitisha. Mboga inayowasumbua walaji kwa kuteleza ndiyo inayozipitisha mboga nyingine. Kwa mtu anayejifunza kula vizuri ukubwani, sijui msaidizi bora wa kuwa naye jikoni: akishaukubali mlenda, kunde, mnavu na mgagani humfikia kwa mlango uleule.

Mama lishe wengi wa mjini hawaupiki, na wana sababu. Wateja wanakuja na mashati ya ofisini, wanakula kwa haraka, na mlenda ukipoa hupoteza uzuri wake. Lakini mama lishe hupika kinachoulizwa. Maharage yapo kila siku kwa sababu tunayauliza kila siku. Tukiuuliza mlenda, utapikwa, na mfanyakazi mwenye sukari iliyopanda atapata mchana, kwa bei ya kawaida, kile ambacho ushauri wa hospitali ulishindwa kumpa. Nawaomba wanaoula nyumbani kwa siri wauulize kwa sauti, huku wenzao wakisikia.

Na wewe unayechagua chakula, ambaye hadi hapa umesoma huku umekunja uso, agiza ugali wako na maharage yako kama kawaida. Kisha omba kijiko kimoja cha mlenda kwenye kibakuli cha pembeni, tengeneza tonge dogo, chovya ncha yake, zungusha mkono ukingoni. Mlenda utateleza. Uache uteleze, maana kazi yake ndiyo hiyo.